Hisabati Marekani: Chuo cha Jamii au Chuo Kikuu?

Kila mwaka Machi na Aprili, majibu ya vyuo yanapoanza kuingia, mjadala uleule huzuka katika nyumba nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili walioko Louisville, Dallas, Minneapolis au Seattle. Kijana anapenda hesabu. Anataka kuwa aktuari, mtaalamu wa takwimu, mwalimu wa hisabati au mtaalamu wa sayansi ya data. Chuo kikuu cha jimbo kimemkubali, lakini ada yake inatisha. Jirani na nyumbani kuna chuo cha jamii kinachompokea kila mwenye cheti cha sekondari. Baba anataka chuo kikuu kwa sababu ya jina. Shangazi anataka chuo cha jamii kwa sababu ya deni. Wote wawili wana hoja, ila kwa mtu anayetafuta kazi ya hisabati jambo linaloamua liko kwingine: ataanza na kozi gani ya hesabu, na siku ya kuhama atakuwa amemaliza kozi zipi.

Vyuo vya jamii ni vyuo vya miaka miwili, vingi vyao vya umma. Joliet Junior College cha Illinois, kilichoanza mwaka 1901, ndicho cha umma kikongwe kuliko vyote, na leo nchi nzima ina vyuo vya aina hiyo takriban elfu moja. Mwanafunzi humaliza na stashahada iitwayo asosieti, au huhamia chuo kikuu kukamilisha miaka miwili iliyobaki ya shahada. Walimu wengi wa hisabati pale wana shahada ya uzamili na kazi yao ni kufundisha tu. Darasa la watu 30 ni la kawaida. Katika chuo kikuu kikubwa, kalkulasi I inaweza kufundishwa ukumbini mbele ya wanafunzi 200 au zaidi, na mazoezi yakasimamiwa na wasaidizi ambao wenyewe bado wanasomea uzamivu. Mada ni zilezile, na mara nyingi hata kitabu ni kilekile cha James Stewart. Mwanafunzi anayejifunza kwa kuuliza maswali hupata nafuu kubwa katika darasa dogo, hasa kama Kiingereza chake bado kinakomaa.

Hapa ni lazima jambo moja lisemwe wazi kabla ya kwenda mbali. Asosieti peke yake haimpeleki mtu kwenye kazi ya hisabati. Aktuari, mchambuzi wa data na mwalimu wa sekondari huanzia shahada ya kwanza. Kwa wanatakwimu na wanahisabati, waajiri wengi Marekani hutaka uzamili. Miaka miwili inatosha kwa kazi zinazotumia hesabu kila siku, kama utunzaji wa vitabu vya fedha, ufundi wa upimaji ardhi, umeme na mitambo, nazo ni kazi za heshima zenye mshahara. Lakini anayetaka hisabati yenyewe iwe kazi yake achukue chuo cha jamii kuwa njia ya kupitia, na aipange safari yote kwa kuangalia anakokwenda.

Hisabati ya chuo hupandwa kama ngazi, na hakuna kipago cha kurukwa. Kwanza aljebra ya chuo, kisha prikalkulasi pamoja na trigonometria, halafu kalkulasi I, II na III. Baada ya kalkulasi II kwa kawaida hufunguka mlango wa aljebra mstari na milinganyo tofautishi. Chuo cha jamii kilicho imara hufundisha vyote hivyo. Kinachokosekana ni kozi za mwaka wa tatu na wa nne, yaani uchanganuzi wa namba halisi, aljebra dhahania, topolojia, na nadharia ya uwezekano kwa kina. Kozi hizo ndizo zinazomfanya mtu awe mhitimu wa hisabati, na zinapatikana chuo kikuu.

Sasa chukua wanafunzi wawili walioanza chuo cha jamii siku moja. Wa kwanza amepangiwa kalkulasi I. Muhula wa pili anachukua kalkulasi II, wa tatu kalkulasi III na aljebra mstari, wa nne milinganyo tofautishi. Anahamia chuo kikuu akiwa tayari kwa kozi za mwaka wa tatu. Wa pili amepangiwa aljebra ya chuo. Muhula wa pili yuko prikalkulasi, wa tatu kalkulasi I, wa nne kalkulasi II. Naye ana asosieti, naye ana krediti 60, lakini akifika chuo kikuu anakuta kila kozi ya mwaka wa tatu inadai kitu ambacho hajakisoma. Huyu atahitaji miaka mitano, pengine sita, na ule unafuu wa ada aliokimbilia utakuwa umeliwa na mihula ya ziada. Kosa si la chuo cha jamii. Mwanafunzi huyuhuyu angeanzia chuo kikuu angekumbana na vipago vilevile, tena kwa ada ya juu zaidi. Dawa yake ni majira ya joto: aljebra ya chuo isomwe Juni na Julai kabla ya muhula wa kwanza wa vuli, na kozi nyingine isomwe majira ya joto yanayofuata.

Kuna mtego mwingine ambao vipeperushi vya vyuo havitauonyesha. Katika vyuo vidogo, kalkulasi III na aljebra mstari hutolewa mara moja kwa mwaka, na wanafunzi wakiwa wachache darasa hufutwa wiki ya kwanza. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama chuo kina kozi hiyo. Uliza ilifundishwa mihula ipi katika miaka miwili iliyopita. Ratiba za zamani mara nyingi zipo kwenye tovuti ya chuo, na dakika ishirini za kuzipitia zinaweza kuokoa mwaka mzima.

Mahali pa kuanzia huamuliwa na mtihani wa kupima kiwango, au na matokeo ya sekondari. Hapa ndipo wageni kutoka Afrika Mashariki na Kongo hupoteza zaidi, kwa sababu wanajua mengi kuliko karatasi zao zinavyoonyesha. Aliyemaliza kidato cha sita Tanzania kwa mchepuo wa PCM au EGM amesoma hisabati ya juu yenye kalkulasi, namba changamano na vekta. Mkongomani mwenye diploma ya serikali katika Math-Physique naye ameshapita huko, hata kama alisomea kambini Nyarugusu, ambako shule za wakimbizi zilifuata mtaala wa Kongo. Mkenya aliyefanya KCSE ameonja kalkulasi kidogo katika kidato cha nne. Hawa wote wanaweza kujikuta katika darasa la aljebra ya mwanzo kwa sababu ya mtihani mmoja walioufanya bila maandalizi, kwa lugha ngeni, siku ambayo mfanyakazi wa ofisi aliwaambia kwamba mtihani huo hauna kufeli.

Ni kweli hauna kufeli. Lakini una gharama. Mwanafunzi aliyezoea mtindo wa Kifaransa huandika 3,5 pale Mmarekani anapoandika 3.5, na akiona 1,250 anaweza kuisoma kama moja na robo. Kwenye kompyuta, jibu lililoandikwa kwa alama isiyotarajiwa linaweza kuhesabika kosa. Hajasahau hesabu, amekosea nukta. Wiki tatu za kurudia aljebra na trigonometria kwa Kiingereza, akiandika kwa mtindo wa Kimarekani, zinaweza kumpandisha vipago viwili. Vyuo vingi hutoa mazoezi ya mtihani huo bure na huruhusu kuurudia, na ruhusa hiyo itumiwe.

Mwenye vyeti avipeleke kutathminiwa na taasisi inayotambuliwa na chuo anachokitaka. World Education Services ni mojawapo inayojulikana sana. Asiye na vyeti, kwa sababu vilibaki vitani au viliungua, bado ana njia. Mitihani ya CLEP inayosimamiwa na College Board ina karatasi ya kalkulasi, na vyuo vingi humpa krediti 4 anayepata alama 50 au zaidi. Hakuna anayeuliza uliisomea wapi. Sharti ni moja tu: hakikisha kwanza kwamba chuo utakachohamia, siyo kile unachoanzia tu, kinaikubali.

Kuhama kwenyewe ndiko kunakowaangusha wengi. Wanafunzi wengi wanaoanza chuo cha jamii husema wanataka shahada. Kati ya walioanza mwaka 2015, karibu theluthi moja walihamia chuo cha miaka minne, na takriban 16 katika kila 100 ndio waliokuwa na shahada baada ya miaka sita. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya serikali kuu ya Marekani, GAO, ilikadiria kwamba wanafunzi wanaohama kutoka chuo kimoja kwenda kingine hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Takwimu hizi zisimtishe mtu akaacha, ila zimfanye adai maandishi kabla ya kulipa ada ya kwanza.

Maandishi hayo ni mkataba wa uhamisho kati ya chuo cha jamii na chuo kikuu. California imeurahisisha kuliko majimbo mengi. Tovuti ya ASSIST huonyesha safu mbili: kushoto kozi inayodaiwa na chuo kikuu kwa somo lako, kulia kozi ya chuo chako cha jamii inayokubaliwa badala yake. Ukichagua hisabati, utaona mstari kwa mstari kama kalkulasi yako inatambuliwa, na pengine utakuta panapotakiwa kozi fulani pameandikwa kwamba hakuna inayolingana nayo. Mstari huo mmoja una uzito kuliko maneno yote ya mshauri. Jimbo hilo pia lina stashahada maalumu ya uhamisho, iliyotokana na sheria ya mwaka 2010, inayomhakikishia mhitimu nafasi katika mfumo wa California State University, ingawa si lazima iwe kampasi anayoipenda. Matawi sita ya University of California hutoa dhamana ya kumpokea mwanafunzi wa chuo cha jamii mwenye alama zinazotakiwa; Berkeley, Los Angeles na San Diego hayamo katika mpango huo. Florida nayo humhakikishia mwenye asosieti ya uhamisho nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo. Huko Ohio, Columbus State na Ohio State wana mapatano yao. Ukiishi mahali pengine, tafuta ukurasa wa uhamisho wa chuo kikuu unachokilenga, usome masharti ya idara ya hisabati yenyewe, kwa maana chuo kikuu kinaweza kuikubali krediti kama ya kujazia tu huku idara ikikataa kuihesabu kwenye somo.

Je, fedha? Hili ndilo eneo lenye dhana nyingi zisizopimwa. Mkazi wa California hulipa dola 46 kwa krediti katika chuo cha jamii, yaani dola 1,380 kwa krediti 30 za mwaka, na wenye kipato cha chini husamehewa. University of California hutoza zaidi ya dola 13,000 kwa mwaka. Pengo ni kubwa kweli. Lakini njoo New York. Katika CUNY, mfumo wa vyuo vya umma vya jiji hilo, mkazi amekuwa akilipa dola 4,800 kwa mwaka katika chuo cha jamii na dola 6,930 katika vyuo vya miaka minne kama Hunter, Baruch na City College. Ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, ambayo hairejeshwi, ilifikia kiwango cha juu cha dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024-25. Mtoto wa familia yenye kipato kidogo anayepata ruzuku yote analipiwa ada huku na huku. Kwake yeye hoja ya bei imekufa. Achague kwa kuangalia hesabu.

Ruzuku ya Pell hupewa raia, wenye kadi ya kijani, wakimbizi waliopokewa rasmi na waliopewa hifadhi, kupitia fomu ya FAFSA. Ina kikomo cha mihula 12 maishani. Kila muhula unaopotea katika aljebra ya kurudia hukatwa kutoka kwenye akiba hiyo, na ndiyo maana mwenye kupangiwa chini ya kiwango chake hupata hasara mara mbili: ya muda sasa, na ya fedha katika mwaka wa mwisho wa shahada.

Mfumo huohuo wa CUNY umetoa funzo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Mwaka 2007 ulianzisha mpango wa ASAP katika vyuo vyake vya jamii. Mwanafunzi hutakiwa asome muda wote, hupewa mshauri anayekutana naye mara kwa mara, nauli ya treni na msaada wa vitabu. Watafiti walipowalinganisha waliopata mpango huo na wenzao waliokosa, asilimia 40 ya kundi la kwanza walimaliza ndani ya miaka mitatu, dhidi ya asilimia 22 ya kundi la pili. Walimu walikuwa walewale, na vyumba ni vilevile. Basi ukikuta chuo cha jamii chenye mpango wa namna hiyo, kiweke juu ya orodha yako.

Kuna kijana ambaye hapaswi kupita chuo cha jamii hata kidogo. Ni yule aliyemaliza kalkulasi akiwa sekondari, ana alama za juu, na anaota uzamivu. Huyu ataishiwa kozi za hisabati baada ya mwaka mmoja. Aombe vyuo vikuu moja kwa moja, pamoja na vile vya binafsi vyenye hazina kubwa kama Princeton na Harvard, ambavyo humlipia mtoto wa familia maskini karibu kila kitu. Wazazi wengi huona bei iliyotangazwa, dola zaidi ya 80,000 kwa mwaka, wakafunga ukurasa. Bei hiyo si watakayolipa wao, na kijana asizuiwe kuomba kwa sababu yake.

Uzamivu wa hisabati Marekani mara nyingi hulipiwa na chuo kikuu chenyewe, kwa mwanafunzi kufundisha madarasa ya chini. Ushindani wake ni mkali, na unadai barua tatu kutoka kwa maprofesa wanaokufahamu. Aliyehamia chuo kikuu Agosti atatuma maombi Desemba ya mwaka unaofuata. Ana miezi 16 ya kusoma uchanganuzi wa namba halisi na aljebra dhahania, na ya kujulikana na maprofesa watatu. Hilo linawezekana, lakini tu kama kozi ya kwanza ya kuandika uthibitisho wa hisabati imechukuliwa muhula uleule wa kufika.

Wapo waliopita njia hii wakafika mbali. Eileen Collins, mzaliwa wa Elmira, New York, alitoka familia isiyo na fedha. Alisoma hisabati na sayansi katika Corning Community College akamaliza mwaka 1976, akahamia Syracuse University na kupata shahada ya hisabati na uchumi mwaka 1978. Mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza kurusha chombo cha anga cha Space Shuttle akiwa rubani, na mwaka 1999 akawa mwanamke wa kwanza kukiongoza kama kamanda. Jaime Escalante alikuwa mwalimu nchini kwao Bolivia. Alipohamia Marekani miaka ya 1960, elimu yake haikumsaidia kupata darasa. Akajifunza Kiingereza, akasoma Pasadena City College, kisha California State University, Los Angeles, na ndipo akaingia Garfield High School. Mwaka 1982 wanafunzi wake 18, watoto wa mtaa wa maskini, walifaulu mtihani wa kalkulasi wa kiwango cha chuo. Mwalimu wa hesabu kutoka Bukavu au Kigoma anayefanya kazi ghalani Dallas leo ana mengi ya kufanana na Escalante.

Kwa anayetaka kuwa aktuari, chuo cha jamii kina faida isiyotangazwa. Mtihani wa kwanza wa uwezekano wa Society of Actuaries, uitwao P, haudai shahada. Una maswali 30 kwa saa 3, na msingi wake ni kalkulasi na uwezekano. Mwanafunzi aliyemaliza kalkulasi III anaweza kuufanya kabla ya kuhama, na atafika chuo kikuu akiwa na kitu ambacho waajiri wanakitazama kwanza wanapochagua wa kufanya mafunzo ya kazi.

Mambo hubadilika kwa aliye bado Nairobi au Dar es Salaam anayefikiria kwenda kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Hapati ruzuku ya Pell, wala hatozwi ada ya mkazi. Baada ya shahada ya hisabati anaweza kuomba miezi 12 ya kufanya kazi na nyongeza ya miezi 24. Mwenye asosieti peke yake hapati nyongeza hiyo. Kwake yeye, University of Nairobi inayofundisha sayansi ya aktuari, au Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika jijini Dar es Salaam, ni chaguo la kupimwa kwa uzito uleule kabla ya familia kuuza kiwanja.

Na walio na watoto wa miaka 16 huko Minnesota au Washington wasisubiri barua za Machi. Minnesota, tangu mwaka 1985, humruhusu mwanafunzi wa sekondari kusoma kozi za chuo bila ada kupitia mpango wa PSEO. Washington ina mpango kama huo uitwao Running Start. Kijana anaweza kumaliza kalkulasi I na II kabla ya kupata cheti cha sekondari.

Waliokwisha kuhama kutoka chuo cha jamii na kumaliza shahada wapo katika makanisa, misikiti na jumuiya zetu. Ombi kwao ni hili: Jumamosi moja mwezi wa Januari, wakae na vijana wa kidato cha mwisho, wafungue pamoja orodha ya kozi za hisabati ya chuo cha jamii na masharti ya idara ya chuo kikuu kimoja, na waandike kozi ya kila muhula hadi siku ya kuhama. Waje na kalamu, kompyuta na fomu ya FAFSA.